Upepo wa Madirisha Mawili

Pa! Dirisha likabamizwa. Pa! La pili nalo. Dobrila, aliyekuwa uani akichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, aliacha koleo akakimbilia ndani.

Baba yake, Tihomir, ameketi kitandani kifua wazi, jasho linamtiririka kama kamwagiwa ndoo. Mama yake, Radojka, anamsugua kifuani kwa rakija. Chumba kizima kinanuka pombe.

"Ana nini?"

"Upepo umemkamata! Nasema kila siku, msifungue madirisha mawili kwa pamoja, upepo ukipita katikati unaua mtu. Nani ananisikia humu?"

"Baba, unaumwa wapi?"

"Hapa." Akaweka ngumi kifuani. "Kama kanikalia ng'ombe. Tena yule mnene wa jirani." Akajaribu kucheka, pumzi ikamkatika. Mkono wa kushoto ulimning'inia kama si wake.

Dobrila akapiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya mlima. Akaambiwa amlete, wakutane darajani.

Radojka akaziba mlango kwa mwili wake.

"Mtu katota jasho hivi, umtoe kwenye baridi? Unataka nimzike?"

"Mama, huu ni moyo!"

"Moyo wa baba yako nimeujua kabla hujazaliwa! Alale, jasho limtoke, apone."

"Msikilize mama yako," Tihomir akasema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Dobrila alikaribia kumsukuma mama yake. Mkono ulikwisha kuinuka. Badala yake akanyakua blanketi la sufu, akamtupia.

"Basi mfunike! Mfunike hadi pua, mfunge shali kiunoni, mvishe kofia, chochote! Ila anaondoka sasa hivi."

Radojka akageuka kumfunika mumewe, na hapo ndipo alipoiona ile rangi ya midomo. Akaanza kufunga shali, mafundo yakifumuka.

Garini Tihomir alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe. Pilipili ziliachwa zikiungua. Barabara ilijipinda na kujipinda tena, na daraja halikuonekana.

"Hanijibu!" Radojka akapiga kelele. "Dobrila, kafumba macho, hanijibu!"

"Mtikise! Mwite jina!"

"Tihomir! We Tihomir!"

Kutoka ndani ya blanketi ikasikika sauti nyembamba: "Nipo."

Dobrila akakanyaga mafuta, machozi yakimziba macho.

"Baba, nisikie. Sisimamishi gari hili mpaka nikukabidhi mikononi mwa daktari ukiwa hai. Nakuapia."