Shamba la Ziada la Eneresi

Mahindi yalipovunwa mwezi wa Aprili, mjomba Nakhumwa alicheka mpaka akapaliwa. Kipande cha mahindi matupu kilikuwa kimetoa kilo arobaini. Kipande cha mchanganyiko, ukubwa ule ule, mahindi na mbaazi juu ya matuta yale yale, kilitoa thelathini na nne.

"Umeona, Fainesi? Mama yako alikuwa akipanda kuni. Nang'oa hizo mbaazi zote, msimu ujao tuwe na mahindi tu."

"Mjomba, mbaazi hazijatoa hata ua. Ngoja Agosti."

Kijijini kwao chini ya mlima Mulanje ardhi ni ya wanawake, lakini neno la mwisho ni la kaka wa mama. Nakhumwa akakubali. "Agosti, basi. Zikishindwa, naja na jembe."

Mama yake Fainesi, Eneresi, aliupanda mchanganyiko ule kwa mikono yake Desemba. Januari wakamzika. Na tangu mahindi yaondoke, mbaazi zikisimama peke yake, ndefu kumpita mtu, mlikuwa na kitu ndani yake. Fainesi akienda pale mchana kweupe, mtoto mgongoni, alisikia jembe matuta matatu mbele: kwa, kwa, kimya, kwa. Mapigo yale yenye kituo cha kupumzisha bega la kushoto yalikuwa ya mama yake. Akitenga matawi, udongo mkavu, haujaguswa. Mtoto ndiye aliyenyamaza kulia na kutabasamu, akiangalia juu ya bega lake, mahali pasipo na mtu.

Ziking'olewa, mama ataenda wapi? Swali hilo lilimnyima raha miezi minne.

Agosti alikuja Tamandani, bibi shamba, na mizani yake ya kuning'iniza.

"Hiyo si ya kliniki?" Nakhumwa akauliza. "Mtundike kwanza huyo mtoto, tujue naye ni mchanganyiko wa nini."

"Nikutundike wewe baba, kamba ikatike?"

Kipande cha tatu, cha mbaazi tupu, ukubwa ule ule: kilo ishirini. Mchanganyiko: kumi na moja.

"Zimeshindwa tena!" Nakhumwa akapiga makofi. "Mara mbili!"

"Subiri, baba. Unapambanisha kimoja kimoja, na hivi vimekaa pamoja." Tamandani akachuchumaa, akaandika mchangani kwa kijiti. "Mahindi thelathini na nne kwa arobaini: themanini na tano kwa mia. Mbaazi kumi na moja kwa ishirini: hamsini na tano kwa mia. Jumlisha."

"Mia na arobaini," alisema Fainesi.

"Ndiyo. Kupata mavuno haya kwa kupanda kila kimoja peke yake, ungehitaji kipande kimoja kama hiki, na juu yake karibu nusu ya kingine."

Nakhumwa hakucheka. "Hicho cha ziada kiko wapi?"

"Hakipo, baba. Ni hesabu tu."

"Hakipo," akarudia polepole. "Lakini kuna anayekilima."

Fainesi akamgeukia. "Kumbe nawe unamsikia?"

"Tangu Machi. Unadhani nataka mahindi matupu kwa nini? Yakivunwa naona mpaka mwisho wa shamba. Humu ndani sioni." Akafuta uso kwa kofia. "Wiki ile kabla hajafa nilimtukana, mwanangu. Nikamwambia anachanganya mbegu kwa uvivu."

Tamandani akajishughulisha na kukunja kamba yake.

"Neno lako je, mjomba?"

"Panda kama alivyopanda. Sing'oi kitu."

Fainesi akavuta pumzi mpaka mtoto akainuka mgongoni. "Basi kuna matuta mawili kule kati, hayakuwa kwenye vipimo, hayajavunwa. Twende."

"Tangulia."

"Hapana, mjomba. Ni dada yako."

Mzee akasogea mpaka kwenye mbaazi. Kisha akashika matawi kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyefika mlangoni kwa mtu aliyemkosea.

"Hodi, dada," akasema, akangoja kwanza ndipo akaingia.