Munyu wa Samaki

...wote kumi na sita, mwenzangu, matumbo juu! Na aliyewaua ni Awinja, kwa mikono yake mwenyewe, akidhani anawatunza.

Hoteli moja hapa Kakamega mjini iko na tangi la kioo pale mapokezi, limejaa samaki wadogo na mimea ya kijani. Awinja wa Chekalini na Cindy wa hapa mjini, wote wa chuo, walikuwa wamefanya atachi, yale mafunzo ya kazi, hapo miezi mitatu. Ijumaa hiyo mmoja angeandikwa kazi, mwingine arudi kwao. Awinja aliitaka hiyo kazi mpaka akaota amevaa sare.

Tangi lilikuwa lake. Maji ya mfereji pale ni laini mno, hayana madini, majani yanakuwanga manjano na kutoboka. Kwa hivyo kila akibadilisha maji, Mzee Mukhwana mwenye hoteli alikuja na kikombe kutoka ofisini, akamimina dawa ambayo Awinja hakuwahi kuijua. Siku hiyo mzee alikuwa ameenda Mukumu. Akapiga simu: "Weka munyu, kijiko kimoja."

Mzee huita chumvi yoyote munyu. Lakini kwa kina Awinja, munyu ni yale maji makali ya kuchuja majivu ya maganda ya maharagwe, ya kulainisha mboga ya mrenda. Akamuuliza Cindy.

Cindy ndiye hufagia ofisi. Mkebe wa unga mweupe wa madini aliuona kila siku, umeandikwa SAMAKI kwa wino mwekundu. Akapuliza kucha zake.

"Munyu ni munyu, dada. Uko jikoni, kwa chupa."

"Wa mrenda? Samaki si wataumia?"

"Msomi wa Chekalini. Kwani hiyo mimea si mboga?"

Awinja akaona haya kwa kuuliza. "Na ni kijiko tu?"

"Huo ni wa maji. Kijiko kitafika wapi? Mwaga chupa."

Akamwaga yote. Cindy akavuta kiti. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, wakigonga kioo.

"Ona vile wanacheza," Cindy akasema.

Mzee aliporudi, Awinja akamkimbilia mlangoni. "Cindy ndiye aliniambia."

"Mimi? Mimi nilikuwa napanga vikombe. Mzee, mtu mzima hajui tangi na sufuria?"

Wageni wakacheka. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia Awinja awaopoe samaki mmoja mmoja, ahesabu wageni wasikie. Kufika tisa sauti ikakatika. "Anza tena moja," mzee akasema. Cindy akamshikia ndoo, tayari amevaa sare.

Pale nje ya geti mamake Awinja akapiga simu.

"Nimechinja ingokho, yule kuku mkubwa, majirani wamejaa hapa. Wamekuandika?"

Kwa simu, nyuma ya mama, wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Awinja akapangusa mkono uliokuwa bado unanuka samaki.

"Kuleni tu, mama. Hapa kuna kelele. Hiyo ingine nitakwambia kesho."