Kitasa Kipya Mlangoni

Mtaa mzima ulimwita Komeo, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Alikuwa fundi wa vitasa na kufuli. Mkewe alikaa dukani kwenye mashine ya kuchonga funguo, yeye akazunguka kwenye milango ya watu waliojifungia nje, na kwa kazi hiyo wakamlea mtoto wao mmoja mpaka akawa dereva wa lori.

Sasa Komeo alikuwa anasahau. Alianza na vitu vidogo: miwani ndani ya jokofu, swali lile lile kabla jibu halijapoa. Kisha akaanza kutoka nyumbani kwenda kazini, na duka lenyewe lilishafungwa. Mwanawe alipokuja na kufuli kubwa la kumzuia, mzee alilifungua kwa kipande cha waya huku akipiga soga. Jina la mwanawe lilikuwa limemtoka kichwani, lakini mikono yake haikusahau kitu.

Basi mkewe akabuni njia yake. Kila asubuhi alimpa kitasa kibovu, bisibisi na kitambaa, naye akaketi mezani akikifungua, akikisafisha, akikifunga upya. Akishika chuma hakukumbuka kutoka. Mwanawe hakuipenda njia hiyo hata kidogo. Alisema amekwisha kupata kitanda kwenye nyumba ya wazee, na likitokea jambo moja zaidi, moja tu, atakuja amchukue baba yake. Mama alimwambia kwamba kumnyang'anya huyu mtu bisibisi ni kumkata mkono, na mkono huo ndio uliomsomesha yeye. Kijana hakuyafuta maneno yake.

Asubuhi ile vitasa vibovu vilikuwa vimekwisha. Vyote sandukuni vilikuwa vimetengenezwa na kung'arishwa mara nyingi, hata mzee akaanza kuvisukuma pembeni kwa dharau. Mkewe akampa kimoja kipya kabisa, kilichobaki dukani, pamoja na funguo zake. Akabandika viazi jikoni, akashuka kununua sabuni. Chini alikutana na msusi, jirani yao, na mazungumzo yakanoga kuliko alivyokusudia.

Aliporudi juu, ufunguo wake haukuingia. Mlangoni kilikuwa kimekaa kile kitasa kipya, kimenyooka, skrubu zote zimekazwa. Kazi safi. Angekuwa mteja angemsifu fundi.

Alibisha. Ndani sauti ikauliza ni nani.

"Mimi, mke wako. Nifungulie."

"Mke wangu yuko dukani anachonga funguo. Nenda zako, tena upesi, kabla sijaita watu."

Alimbembeleza, akamtajia jina la mama yake mzazi, akamkumbusha siku waliyooana. Kila alichokisema kilimzidishia mzee wasiwasi, kwa sababu mwizi gani huyu anayejua habari za watu namna hii? Kisha harufu ya viazi vinavyoungua ikapenya chini ya mlango, naye akamwita msusi kwa sauti.

Msusi alipanda mbio, akaona hali ilivyo, na kwa hofu tu akampigia simu kijana, ambaye lori lake lilikuwa likipakuliwa mtaa wa pili. Kijana akaja na mtaimbo. Hakumsalimia mtu.

"Sogea, mama."

"Ukivunja mlango huu mbele yake, hatalala tena ndani ya nyumba hii. Atakuona jambazi mpaka anaingia kaburini."

"Na nisipovunja ataungua. Unataka lipi?"

Mama alifuta uso kwa ncha ya kanga, akajiweka sawa, akagonga taratibu kama mtu mgeni.

"Hodi, fundi. Samahani kwa usumbufu. Nimefungiwa nje."

Halafu sauti ile ile ikaja, lakini sasa ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya dukani. "Nyumba ni yako?"

"Ni yangu."

"Nani anakujua?"

Komeo hakufungua mlango wa mtu hata siku moja bila mashahidi wawili. Wateja walimtukana kwa hilo, wengine wakiwa wamelowa mvua, naye hakutetereka.

"Mimi namjua, fundi," msusi akasema. "Ana mdomo, lakini si mwizi."

Ndani mtu akacheka. "Na mwingine?"

Mama akamtazama mwanawe. Kijana akauegemeza mtaimbo ukutani.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Na hapa ndipo nilipokulia."

"Ndani kuna nani?"

"Mume wangu," mama akajibu. "Anaumwa. Ameachwa na moto jikoni."

"Sasa hilo si ungelisema kwanza, mama!"

Wakasikia waya ukichokoa. Funguo zilikuwa zinaning'inia mfukoni mwake, lakini alichokoa kwa waya, na kitasa kikaitika. Moshi ukatoka pamoja naye. Kijana alimpita akakimbilia jikoni, akazima gesi, akafungua madirisha.

Komeo alisimama kizingitini akijifuta mikono, akamuuliza mwenye nyumba mgonjwa yuko wapi. Akaambiwa amepumzika.

"Usimwache tena peke yake," alisema, bila ukali wowote. "Mtu wa hivyo haachwi na moto. Na wewe mwenyewe umechoka, naona. Tafuta wa kukusaidia."

Mama aliketi kwenye kiti cha karibu. Kijana alirudi na sufuria nyeusi mkononi, akawa hana pa kuiweka.

"Mpigie yule wa nyumba ya wazee," mama akamwambia. "Mwambie vitanda viwili."

"Wewe huumwi, mama. Hawatakupokea."

"Watajuaje? Nitawauliza swali moja mara kumi."

Kijana hakucheka. Alitoa simu, akaishika bila kupiga, akawa anamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameanza kukusanya vyombo vyake.

"Mimi naomba kwenda," Komeo akasema. "Mke wangu ananisubiri."

Mama akainuka. "Nitakusindikiza, fundi," akamwambia, akamfunga vifungo vya shati, naye akamshukuru kwa adabu.