Swichi ya Arobaini na Nane

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla chai haijapoa, Meneja alijaza fomu tano za ruhusa ya kazi za juu ya paa, kuanzia ya siku hiyo hadi ya Ijumaa. Palipoandikwa "Umeme umekatwa" alitia alama ya vema, mara tano, kisha akafunika kalamu na kusema, "Haraka haraka haina baraka, lakini fomu nazo zinataka baraka za nini?" Watu wa chumba cha mitambo walicheka, maana ndiye aliyewapangia likizo.

Chumbani humo ilikaa ruta kubwa ya mtandao, ndefu kama kabati la nguo. Mji mzima, kwenye kuta na mapaa ya zahanati, shule na maduka, zilitundikwa swichi ndogo arobaini na saba zilizoiongezea ruta hiyo mikono. Swichi zenyewe hazikuwa na akili. Fundi akishaifunga moja na kuiwasha, mwendeshaji aliandika namba yake kwenye ruta. Taa ya swichi ilitoka nyekundu ikaja njano, kisha kijani, na tangu hapo swichi ilifanya lile tu iliyoambiwa kutoka mbali.

Mwendeshaji huyo walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Hakugusa kibodi kabla ya kusali. Fundi aliyezifunga swichi alikuwa mdogo wake, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipoota ndevu.

Alhamisi moja Kitinda alitumwa kubadilisha swichi iliyokuwa juu ya paa la kinu cha unga. Alimpigia Meneja simu akiwa bado chini, na Sista, aliyeketi meza ya pili, aliyasikia yote.

"Bosi, umeme umekatwa?"

"Fomu inasemaje?"

"Inasema umekatwa."

"Sasa mimi unaniuliza nini? Panda."

Umeme haukuwa umekatwa.

Ripoti ilitoka baada ya mazishi. Mstari wa mwisho ulisema: "Chanzo cha kifo: uzembe wa marehemu." Sista alieleza alichokisikia, akajibiwa kwamba dada hawezi kuwa shahidi wa ndugu yake. Mama yao aliomba asomewe mstari huo mara mbili.

"Neno hilo litoke," alisema mama. "Mwanangu alikuwa akizima kibiriti, anakipuliza tena kuhakikisha. Litoke, ndipo nitalala."

Sista alimwomba Mungu amsaidie kumsamehe Meneja. Aliomba wiki tatu, asubuhi na jioni. Wiki ya nne aliona anamchosha Mungu bure, akaacha. Alisogea hadi kwenye meza ya Meneja, akasoma namba ya kazi kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa bosi huyo, akarudi kuiandika kwenye ruta.

Taa ikawaka kwenye sikio la kushoto la Meneja, nyekundu, njano, kijani. Orodha ya ruta ikaonyesha swichi arobaini na nane.

"Bosi ameungwa," alisema mfagiaji, akiinua ufagio apite.

"Sikio gani?" aliuliza karani bila kugeuka.

"La kushoto."

"Hapo sawa. La kulia halikuwahi kusikia mtu."

Sista aliandika amri moja tu: aseme ukweli wa paa la kinu. Meneja akasimama. "Nilitia vema Jumatatu," alisema. "Umeme haukuwa umekatwa. Aliniuliza, nikamwambia panda." Aliyasema hayo kwenye kikao cha idara na kwa kinyozi. Aliyasema kwenye harusi ya binti yake, alipopewa nafasi ya kuwaasa maharusi. Mkewe alimvuta koti. Akanyamaza sekunde moja, kama swichi ya mbali inayongoja amri, kisha akamalizia. Wageni walipiga makofi, maana ndivyo watu wafanyavyo hotuba ikiisha.

Jumatatu iliyofuata wakili wa kampuni alikuja na faili.

"Ripoti haibadiliki, Sista."

"Amekiri mbele ya watu mia mbili."

"Nani amekiri? Swichi haina neno lake. Aliyesema ni ruta, na siku ile ruta haikuwa pale kinuni." Wakili alichomoa kalamu. "Mwachie. Akisema mwenyewe, nitaufuta mstari huo hapa hapa, kwa mkono wangu."

Sista alisali, akaifuta namba. Taa ilizimika. Meneja alijikuna sikio, akanyoosha tai.

"Yule fundi alikufa kwa nini?" aliuliza wakili.

"Uzembe," alijibu Meneja. "Vijana wa siku hizi hawaulizi."

Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, alivuta fomu tano, akatia vema tano. Wakili alifunika kalamu yake, akafunga faili, akaomba aonyeshwe njia ya kutokea.

Sista aliiandika tena ile namba. Safari hii hakusali.

Kampuni haikulalamika. Meneja alikuwa akifika kazini mapema kuliko zamani, na hakuomba ruhusa hata siku moja. Ripoti ilibaki kabatini na mstari wake. Kila siku saa kumi alasiri Meneja alitembea hadi kwa mama yake Sista, akasimama mlangoni, akasema maneno yake, na mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Rudia," mama alikuwa akisema. Naye alirudia.

Siku moja alikuja mvua ikinyesha, maji yakimchuruzika hadi kwenye viatu, taa ya sikioni ikiwaka kijani. Mama alimsogezea kigoda.

"Mbona hakai?"

"Sijampa amri ya kukaa, mama," alisema Sista.

Mama alimtazama mgeni wake. Kisha alikiinua kigoda, akakirudisha ndani.

"Basi na arudie," alisema.