Maiki Inayosikia Mdomo Tu

Lesian alichagua maiki kwa siku tisa. Kuna watu wamechumbia, wakatoa mahari na kuoa kwa muda mfupi zaidi, lakini hao hawakuwa na intaneti. Yeye alikuwa nayo, kwa hiyo alimtazama kila mtaalamu duniani aliyewahi kujifungia kwenye chumba chenye sponji ukutani akanong'ona "moja, mbili" mbele ya maiki ishirini. Siku ya tisa alikuwa anajua kila kitu kuhusu maiki, ila hajagusa hata moja.

Tusimcheke sana, maana jambo lenyewe lilikuwa zito. Dada mmoja aitwaye Aikande alikuwa anaandaa mashindano ya gemu ya mpira kwa vijana wa kaskazini, na alitafuta mtangazaji wa fainali. Vijana wanne wangetangaza mechi moja ileile Jumamosi saa kumi alasiri, kila mmoja laivu kutoka kwao, naye angesikiliza wote na kuchagua mmoja. Lesian aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukampaa. Tangu anachunga kule Olmotonyi alikuwa akiwatangaza mbuzi: nani kampiga nani kikumbo, nani kaotea kwenye mahindi ya watu. Kilichomkwamisha ni kimaiki cha hedifoni zake, kilichomfanya asikike kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Basi akaenda mjini, dukani kwa Mama Zeenat, ambaye familia yake imeuza vitu vya umeme Arusha tangu enzi za redio za mbao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kununua, au umekuja kunifundisha tena?" Lesian alikuwa amempigia simu mara nne wiki hiyo.

Lesian akaonyesha maiki ya USB yenye taa za rangi saba, inayong'aa utadhani imekuja harusini.

"Unakaa wapi?" akauliza Mama Zeenat.

"Olasiti."

"Jirani ana jogoo?"

"Wawili. Na fundi wa kuchomelea mageti."

"Basi hiyo iache hapo hapo. Hiyo inasikia kila kitu. Wewe unatangaza, jogoo anachambua mechi. Chukua hii nyeusi. Sura haina, bei ndogo, lakini inasikia mdomo tu. Kaa nayo karibu, upana wa ngumi, uongee."

Akaichomeka kwenye laptopu yake. Lesian akasema maneno mawili, akajisikia kwenye spika, akafumba macho. Alaa! Kumbe ana sauti nzuri hivi na watu wamekaa kimya? Mama Zeenat alikuwa akimwonyesha kitufe cha juu na kitaa chake, lakini unamwonyesha nini mtu aliyefumba macho?

"Ukifika nyumbani soma karatasi ya maelekezo."

"Mama, mambo haya nayajua."

"Haya, profesa," akasema Mama Zeenat, akamfungia mzigo wake.

Jumamosi profesa alipiga pasi shati, kwa ajili ya kazi ya kusikika. Akachomeka maiki. Kitaa cha kijani kikawaka. Akagusa kitufe, kikawa chekundu. Hapo sasa! Alipokuwa darasa la tano walipelekwa kutembelea kituo cha redio, wakaonyeshwa balbu nyekundu juu ya mlango wa studio, wakaambiwa ikiwaka mtu yuko hewani, anayekohoa atakiona. Nyekundu ni hewani, basi kijani ni kimya. Karatasi ya maelekezo ingembishia, lakini ilishatupwa na boksi lake. Na chati ya watazamaji alikuwa ameifunga, kwa sababu mara ya mwisho walimwandikia habari za pipa saa mbili nzima.

"Mabibi na mabwanaaa!" akaanza, taa nyekundu ikimtazama.

Dakika ya kumi na mbili mlango ukafunguka, akaingia bibi yake, Koko Nashipae. Sasa kwa Waarusha, bibi akiingia humpungii mkono asubiri eti kuna kona. Unampa kichwa, anakiwekea mkono, ndipo dunia inaendelea. Lesian akagusa kitufe, taa ikawa kijani, akainamisha kichwa pale pale mezani, mdomo karibu ugonge maiki.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Unagombana na nani humu?"

"Natangaza mpira, Koko. Nimezima kidogo nikusalimie."

"Na huyo dada atakuchagua?"

Hapo ndipo angesema "tuombe Mungu" akanyamaza. Wapi!

"Aikande? Koko, yule mpira haujui hata chembe. Juzi kaniuliza kuotea ni nini! Halafu anacheka kwa pua, hngh-hngh-hngh, mbuzi mwenye mafua kabisa. Lakini nitafanyaje? Nitamwambia ndiyo dada, ndiyo dada, mpaka anipe."

Koko akacheka mpaka akashika ukuta. "Hebu mwigize tena."

Akamwigiza tena, safari hii na mabega.

Koko alipotoka, Lesian akarudisha nyekundu yake na kufanya kazi ya maana. Mabao matatu aliyatangaza kwa mpangilio. Penalti ya dakika za mwisho aliipigia kelele mpaka mshipa wa shingo ukasimama na jogoo wote wawili wakanyamaza. Mechi ilipokwisha akajifuta jasho, akafungua chati apokee sifa zake.

"Hatukusikii." "Kaka, washa maiki." "Washa maiki jamani." Zilikuwa nyingi hizo. Kisha katikati: "Ameongea!" Kisha: "Mungu wangu." Kisha: "Anamwigiza tena!" Baada ya hapo, washa maiki, washa maiki, mpaka mwisho.

Ujumbe wa Aikande ulikuwa chini kabisa. "Kaka Lesian, nimekusikia dakika mbili tu, ila nimekusikia vizuri kuliko wote. Maiki yako ni safi. Fainali nimempa Eliamini wa Usa River, anayetumia earphone za simu. Hicho kicheko ni cha marehemu baba yangu. Tulikuwa tunamtania hivyo hivyo nyumbani."

Lesian aliusoma mara tatu. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutamani kusikika na mtu yeyote.

Koko akachungulia. "Wamekusikia?"

"Wamenisikia, Koko."

"Na yule dada?"

"Naye."

"Sasa umekaa unafanya nini? Mtu amekusikiliza, mpigie umshukuru. Nilikulea bila adabu mimi?"

Utamwambia nini Koko? Akaichukua simu, akapiga. Iliita mara mbili tu, ikapokelewa.

"Haya, Lesian, nakusikia," alisema Aikande. Hakucheka.