Sanduku la Vioo la Mwalimu Philémon

Mwalimu Philémon hakuwa amewahi kufuga samaki. Kijijini kwao Mudaka samaki alionekana sahanini, na aliye sahanini haulizwi anapenda nyumba ya namna gani. Sasa, mwaka huo wa 1956, Père Benoît, padri mkuu wa shule, alikuwa amemwagiza achague akwariamu, chombo cha kufugia samaki, ya darasa la sayansi kabla inspekta hajafika Jumatatu. Samaki wakiishi, Philémon angebaki na darasa hilo, Mwafrika wa kwanza shuleni kupewa. Wakifa, lingerudi kwa Frère Gaston, bruda Mzungu aliyelifundisha awali.

Mgiriki mwenye duka alimwazima vyombo vitatu avijaribu: bakuli la duara, jagi refu lenye mdomo mwembamba, na sanduku kubwa la vioo na chuma ambalo mtu angedhani ni kabati la mikate. Sanduku alilipuuza papo hapo. Mtu na akili zake angewekaje kitu kibaya vile mbele ya mzungu?

Alianza na bakuli. Mkewe Adolphine alichemsha maji, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa cheupe, kama masista walivyowafundisha akina mama wa mtaa wao wa Kadutu. Nyumbani kwa mwalimu hapakunywewa maji mabichi, na samaki wa shule wasingepewa maji ya ovyo. Samaki waliotoka kwa wavuvi wa ziwani wakatiwa humo. Punde wakapanda juu, midomo wazi, wakihema. Kufikia asubuhi walikuwa wanaelea.

"Ni bakuli," Philémon alisema. "Iko inawazungusha kichwa."

Akaomba wengine kwa wavuvi, akajaribu jagi. Safari hii maji yalichemshwa zaidi, na samaki wakafa upesi zaidi. Hapo akili ikamvurugika kabisa. Maji safi, kioo safi, chakula kipo. Walitaka nini tena hawa? Hasira zilimpanda, na hakujua amkasirikie nani.

Likabaki sanduku. Jumapili baada ya misa, Adolphine alilitazama, akashika kiuno, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Papa Eulalie, hii itakula maji ya wiki muzima. Makala ya jiko imeisha. Nichemshe na nini?"

Kwa aibu Philémon akashuka ziwani na ndoo, akalijaza maji mabichi yenye majani na vumbi, akatia samaki wengine, akimwomba Mungu inspekta asiulize. Asubuhi samaki walikuwa wanakimbizana. Badala ya kufurahi, alizidi kuchanganyikiwa.

Sanduku likabebwa na wanafunzi hadi darasani, na inspekta akaliinamia. Alikuwa mmoja wa wale Wazungu waliopita nyumba za Kadutu kukagua kama watu wanachemsha maji.

"Hii maji mulichemsha?"

Kusema ndiyo kungemwokoa Philémon, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hapana, Monsieur. Tulichemsha ya kutia mu bakuli, samaki wakakufa. Mu maji ya ziwa, wako wanaishi."

"Sababu gani?"

"Sijui, Monsieur. Labda tukichemsha, iko kitu inatoka mu maji. Sijui ni kitu gani."

Père Benoît, aliyesimama nyuma ya inspekta, akatazama sakafu. Katika shule ile mwalimu hakutamka "sijui" mbele ya watoto, na Philémon alihisi darasa likimponyoka. Inspekta akakuna shingo, akawatazama samaki, akamtazama mwalimu. Ilionekana wazi kwamba na yeye hajui. Akavuta benchi, akaketi katikati ya wanafunzi na suti yake nzuri.

"Basi, mwalimu," alisema, "lete ile bakuli na maji ya kuchemsha, tuone."