Buti Chini ya Viti

"Rudisha kidogo," msimamizi alisema. "Hapo ni kicheko au makofi?"

Mama akarudisha sauti, akasikiliza. "Kicheko."

Mwaka wa kumi na tisa sasa yumo katika chumba hiki chini ya ukumbi wa bunge, vipokea sauti masikioni, akiandika kila neno la waheshimiwa liingie katika kitabu cha kumbukumbu. Leo ilikuwa bajeti ya jeshi. Huja siku moja kwa mwaka, na kwa kawaida huwa imekwisha kabla chai ya saa kumi haijapoa.

Mbunge mmoja alikuwa ameuliza kwa nini askari wa mpakani wanavaa ndala, ilhali fedha za viatu vyao hupitishwa kila mwaka. Waziri akajibu kwamba askari wetu wana nyayo ngumu, hata miiba huwakimbia. Ukumbi mzima ukacheka.

Mama akaandika kwenye mabano: Kicheko. Ndani ya mkoba, kwenye simu yake, kulikuwa na picha ya mguu wa kitinda mimba wake, askari wa huko huko mpakani, vidole viwili vimelika kwa maji ya kinamasi. "Usimwonyeshe mtu, mama," alikuwa ameandika. "Nitafungwa. Nitafutie tu buti, namba tisa." Wiki nzima mama alizunguka madukani. Alizozipata ni za maonyesho tu, soli imeshikwa na gundi; ukikanyaga dimbwi inabaki humo.

Akaendelea kusikiliza. Katibu alisoma kifungu cha mavazi na viatu. Mwenyekiti akasema wanaoafiki waseme ndiyo.

Mama akarudisha sauti mara tatu. Hakuna aliyesema ndiyo. Kulikuwa na mlio tu, ngozi mpya ikikwaruza sakafu. Asubuhi ile, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, jeshi lilimpa kila mheshimiwa jozi ya buti ili naye aonje adha ya askari. Vifungu vikisomwa, wenyewe walikuwa wanazijaribu chini ya meza.

"Hawakujibu," alisema.

"Mama, bonyeza."

Kwenye kompyuta kulikuwa na kitufe kilichotoa sentensi nzima kwa mguso mmoja: Kifungu kilipitishwa bila mabadiliko yoyote.

"Nimesikia buti. Niandike buti?"

"Andika," msimamizi alisema bila kumtazama. "Halafu kesho ukaandikie kwenu."

Akabonyeza. Akabonyeza kifungu baada ya kifungu, na kila mara akakichukia kidole chake mwenyewe.

Jioni alipanda ukumbini kuchukua karatasi za katibu. Viti vilikuwa vitupu, na chini yake buti zimetelekezwa kwa makumi. Waheshimiwa walikuwa wameziona nzito. Katika moja mtu alikuwa amejazia tishu alizofutia midomo. Nyingine ilikuwa na vijiti vya meno.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akaenda kiti kwa kiti akisoma namba kwenye soli, mpaka safu ya nne: namba tisa. Ndani ya ile ya kulia kulikuwa na gamu iliyotafunwa, bado laini. Akaibandua kwa kucha.

Langoni walikagua mikoba, hawakukagua miguu. Akavua viatu vyake vya wazi, akavitia mkobani, akavaa buti na kukaza kamba. Miguu yake ilielea humo.

Mlinzi, mzee aliyemzoea, akapekua mkoba, akaviona viatu. Macho yake yakashuka taratibu mpaka sakafuni.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hizo za nani?"

"Za mwanangu."

Hakungoja ruhusa. Akachukua mkoba wake akaenda, na kwenye sakafu ya marumaru ya mlangoni mlio ukamfuata hatua kwa hatua, uleule aliousikia mara tatu kwenye kanda.